Pembe ya Baruti: Ilitoka Wapi, na Ina Umri Gani?

Dar es Salaam haina upungufu wa pembe za kale. Ziko kwenye mabanda ya vinyago Mwenge, na ziko kwa wingi zaidi mahali ambapo mnunuzi hafiki: majumbani Mabibo, Manzese, Tandika na Mbagala, zimetundikwa ukutani au zimelala ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha mzee aliyehamia mjini kutoka bara. Zikishafika kwa muuzaji, maelezo yake huwa ni yale yale. Hii ni ya Majimaji, hii ni ya Mkwawa, hii ni ya msafara wa Waarabu. Mteja akiomba ushahidi huoneshwa weusi wa pembe yenyewe, kana kwamba kitu kikishakuwa cheusi na chakavu basi kimeshathibitisha kuwa kilipigana mwaka 1905.

Tunaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo. Kinachotukwamisha ni kuulizia umri mmoja na asili moja kwa kitu chenye umri mwingi na asili nyingi. Ng'ombe aliyetoa pembe ana kwao, fundi aliyeichonga ana kwao, na mwenye bunduki aliyeivaa begani ana kwao. Misumari, waya, kizibo na mkanda, kila kimoja kiliingia kwa wakati wake. Anayetaka jibu la neno moja atauziwa neno hilo, na atalilipia. Anayekagua sehemu moja moja atatoka na mengi ya kuaminika, hata kama mwisho wake atasema tu kwamba pembe hii haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani.

Kabla ya umri kuna swali ambalo wauzaji huliruka: je, hii ni pembe ya baruti kweli? Afrika Mashariki imetumia pembe kwa kazi nyingi. Ya kuumikia, yaani ya chuku, ni fupi. Upande mpana umeachwa wazi ili ukae juu ya ngozi, na nchani kuna tundu dogo ambalo muumikaji hunyonya hewa kupitia hapo kisha akaliziba kwa nta. Baragumu lina tundu la kupulizia, na mara nyingi tundu hilo limetobolewa ubavuni. Pembe ya mganga huwa na mdomo mpana uliojazwa dawa, na ncha yake haikuguswa. Ya ugoro ni ndogo, na kizibo chake kimezoea kufunguliwa kwa kidole.

Pembe ya baruti huwa na dalili mbili kwa pamoja. Upande mpana umezibwa kabisa, kwa kawaida kwa kipande cha mti kilichochongwa kikaingia kwa kubana, na ncha imekatwa na kutobolewa ili baruti imiminike kidogo kidogo. Tena lazima iwe na namna ya kuvaliwa: mfereji uliochongwa shingoni, tundu kitakoni, au pete. Mwindaji alihitaji mikono yote miwili kushindilia gobori, hivyo pembe ilimning'inia ubavuni. Pembe isiyo na pa kufungia mkanda ina kesi ya kujibu. Yenye harufu ya tumbaku ndani imeshajibu.

Ukishavuka hapo, kinachofuata ni bunduki. Pembe ya baruti ni mtumishi wa bunduki, na haikuwahi kuishi peke yake. Bunduki za mrao, ambazo huwashwa kwa utambi, zilifika pwani yetu kwa njia ya Oman na Bara Hindi, na bado zilikuwa mikononi mwa askari wa Kibaluchi wa Zanzibar walipomsindikiza Richard Burton na John Speke kwenda bara mwaka 1857. Sambamba nazo zilikuja gumegume, ambazo hutoa cheche kwa jiwe. Zote mbili zilitaka baruti mahali pawili: nyingi ndani ya mtutu, na chembe chache laini kwenye kikombe kidogo cha kuwashia. Kwa hiyo mtu mwenye kujiweza alibeba pembe mbili, kubwa na ndogo. Jeshi la Uingereza lilianza kuhamia bunduki za fataki mwishoni mwa miaka ya 1830; huku kwetu fataki zilienea taratibu, na zilipofika kwa mtu, pembe ndogo ilikosa kazi. Halafu zikaja bunduki za risasi zenye ganda, ambazo hubeba baruti yake ndani, na pembe kubwa nayo ikakosa kazi.

Hesabu hiyo inaondoa uongo mwingi. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski na kuteka mamia ya bunduki za Kijerumani. Bunduki hizo zilikuwa za risasi za ganda. Anayekuuzia pembe akidai ilitumika na bunduki zilizotekwa Lugalo anakuuzia kitu ambacho bunduki hizo hazikukihitaji. Wahehe walikuwa na magobori pia, na pembe ya Kihehe inaweza kabisa kuwa ya kweli. Ila itabidi itafutiwe hadithi nyingine.

Sasa njoo kwenye biashara, kwa sababu asili ya vitu vingi vya baruti katika nchi hii inapita bandarini Zanzibar. Mkataba wa tarehe 21 Septemba 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, uliojadiliwa na Edmund Roberts, ulikuwa na kipengele kuhusu jambo hili hili: katika kisiwa cha Zanzibar bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali ya Sultani tu, na katika bandari zake nyingine ziuzwe bila masharti. Mtu haandiki sharti la namna hiyo kwa bidhaa isiyo na soko. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta merikani, bunduki na baruti wakaondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Waingereza, Wafaransa na Wajerumani nao waliingia. Kufikia mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Charles Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki zinazoingia kwa mwaka zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000. Nyingi zilikuwa silaha ambazo majeshi ya Ulaya yalishazichoka.

Baruti ilisafiri kutoka pwani ikiwa ndani ya vipipa vya mti, kichwani mwa mpagazi, kupitia Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Ilitolewa hongo, ililipa mishahara, ilinunua pembe za ndovu. Ruga-ruga, wapiganaji wa mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884, waliishi kwa baruti hiyo. Lakini pipa halivaliwi begani, na mwenye gobori alihitaji chombo chake mwenyewe, alichokitengeneza kwa kitu kilichokuwa karibu: pembe, kibuyu, mti, ngozi iliyoshonwa. Hapo ndipo kazi ya mikono ya bara ilipokutana na bidhaa ya bandarini. Bunduki ni ya Birmingham au Liège, baruti ni ya Marekani, na pembe ni ya ng'ombe wa zizi la Unyanyembe.

Wanaojaribu kupanga miaka husahau jambo moja. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia silaha za moto zisiingie Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Silaha za kisasa ndizo zilizolengwa hasa. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliachiwa mlango chini ya vibali. Matokeo yake ni kwamba wakati dunia nyingine inaziweka bunduki za kushindilia kwenye majumba ya makumbusho, Mwafrika wa Tanganyika alizuiwa kuvuka hatua hiyo. Gobori lilibaki, na pembe yake ikabaki nalo, wakati wa Mjerumani, wakati wa Mwingereza, na vijijini hata baada ya uhuru. Pembe ya baruti ya Kimarekani, kwa umbo lake tu, unaweza kuikadiria kuwa ya karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19. Ya Sikonge, yenye umbo lile lile na kazi ile ile, yaweza kuwa ya mwaka 1870 au ya mwaka 1955. Umbo peke yake halitoshi hapa kwetu. Pembe nyingi zinazoitwa za Majimaji naamini ni za wawindaji wa enzi ya Mwingereza, na sioni kwa nini hilo lizipunguzie heshima.

Tuiangalie moja kwa karibu. Mabibo, hatua chache kutoka soko la ndizi linaloitwa Mahakama ya Ndizi, anaishi mzee mwenyeji wa Sikonge, mkoani Tabora, ambaye pembe ya babu yake imo ndani ya mfuko wa rambo juu ya kabati.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa una pembe ya babu."

"Marahaba mwanangu. Ishike, ila usiigonge. Ina watu hiyo."

Urefu wake ni kama kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Ni pembe ya ng'ombe, rangi ya asali kwa upande mmoja na nyeusi kuelekea nchani. Ukiinua kuelekea dirishani, upande wa asali hupitisha mwanga, maana yake fundi aliiparua hadi ikawa nyembamba, kazi ambayo mtengeneza mapambo wa leo hana muda nayo. Kitako kimezibwa kwa mti wa rangi ya kahawia nyekundu ambao mzee anasema ni mninga, na mninga ni mti wa miombo ya Tabora. Mti huo umeshikiliwa kwa vijiti vyembamba vilivyopigiliwa kuzunguka ukingo. Katikati ya vijiti kuna misumari miwili ya chuma yenye kichwa cha duara, misumari ya dukani, na kuzunguka kila msumari kutu imepaka doa jeusi kwenye pembe. Kuzunguka vijiti hakuna doa. Shingoni kuna waya wa shaba ya manjano uliozungushwa mara nyingi, aina ya masango ambayo misafara ilipeleka bara kama fedha. Chini ya waya, pembe imelika ikafanya mfereji laini, na mfereji huo uko upande mmoja tu, upande ambao ungegusa nyonga ya mtu anayevaa mkanda kutoka bega la kushoto. Mkanda wenyewe ni ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kizibo ni kipande cha kandambili.

Hiyo ni pembe moja yenye angalau tabaka nne za wakati. Vijiti na kitako cha mninga ndiyo kazi ya kwanza. Misumari ni matengenezo ya baadaye, yaliyofanywa baada ya mti kukauka na kulegea. Waya ungeweza kuwa wa siku ya kwanza au umetolewa kwenye kitu kingine cha zamani zaidi, kwani shaba haikutupwa. Tyubu na kandambili ni za zama za karibu. Mnunuzi asiyejua angedharau kandambili, na muuzaji mjanja angeing'oa akaweka kizibo cha mti kilichopakwa masizi. Kwangu mimi kandambili ndiyo ushahidi bora kuliko yote: inaonesha kwamba pembe iliendelea kuzibwa kwa sababu ilikuwa na kitu cha kuhifadhi. Mzee anasema baba yake aliitumia kwa gobori lenye kibali, kwa kuwinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mahindi, na kwamba babu aliipokea kwa mtu aliyerudi kutoka safari za pwani. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo inakubaliana na mpira. Sehemu ya pili inakubaliana na waya na mti, bila kuthibitishwa navyo.

Uchakavu wa kweli una mantiki, na mfereji ule wa upande mmoja ni mfano wake. Kitu kilichotumika hulika pale kinapoguswa: mdomo ambako kizibo huingia na kutoka, ubavu unaosugua nguo, kitako kinachowekwa chini. Sehemu za ndani ya mikunjo hubaki na uchafu. Kitu kilichozeeshwa kwa makusudi hulika kila mahali sawasawa, kwa sababu aliyekizeesha alitumia msasa, moshi, majani ya chai au kiwi ya viatu, na hivyo vyote havichagui mahali. Pangusa kwa kitambaa cheupe chenye matone ya maji ya uvuguvugu: kiwi hutoka, jasho la miaka 60 halitoki. Chungulia ndani kwa tochi ya simu. Baruti nyeusi huacha utando wa kijivu hadi mweusi, na ikipata unyevu hutoa harufu ya salfa. Huila shaba ikaacha kutu ya kijani mdomoni, na hula chuma haraka zaidi. Pembe ambayo ndani yake ni safi na nyeupe haikuwahi kubeba baruti, hata kama nje yake ni nyeusi kama chungu. Lakini unga ukiwa bado umo ndani, usiukwangue kwa chuma na usiusogeze karibu na moto wala sigara. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haipotezi nguvu kwa sababu ya uzee.

Wengine hupima kwa sindano ya moto. Ni kweli kwamba pembe ikiungua hunuka nywele na plastiki hunuka plastiki, lakini tundu litakalobaki ni jeraha la kudumu kwenye kitu cha watu. Taa ile ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti inafaa zaidi: gundi nyingi za kisasa na baadhi ya plastiki hung'aa chini yake, na mshono uliofichwa hujitokeza. Vitobo vidogo visivutie hitimisho la haraka. Afrika ina nondo, Ceratophaga vastella, ambaye viwavi wake hula pembe za wanyama waliokufa. Tundu la kiwavi linaweza kuwa lilikuwepo tangu pembe ilipookotwa porini, kabla haijachongwa. Ukiona mchoro wa kisu unapita juu ya tundu na kingo zake zimeingia ndani ya tundu, pembe ilikuwa kuukuu siku ilipochorwa.

Mnyama naye ana la kusema kuhusu asili. Ng'ombe wetu wa nundu wengi wana pembe fupi, ilhali Ankole wa Karagwe, Buha, Rwanda na magharibi mwa Uganda ana pembe nene na ndefu ambayo ingebeba baruti ya msimu mzima. Pembe pana sana inaelekeza macho kwenye maziwa makuu, ingawa haifikishi fundi huko, maana pembe ilisafiri kama bidhaa nyingine. Tandala humtambulisha mizunguko yake, palahala na kuro huwatambulisha mapingili yao, nyati humtambulisha unene na ukavu wa gamba. Pembe ya kifaru haina uwazi wa asili ndani kwa sababu haina kiini cha mfupa. Ni kitu kigumu kutoka shina hadi ncha.

Utambuzi huu una uzito wa kisheria pia. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu pembe ya mnyamapori kuwa nyara, na kuwa nayo bila kibali ni kosa. Anayenunua pembe ya palahala kama kumbukumbu ya ukutani anaweza kujikuta anaieleza mahakamani. Pembe ya ng'ombe haina shida hiyo. Gobori lenyewe, likikutwa na pembe, linaangukia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hadithi ya babu haiwi kibali.

Upande wa Zanzibar na Oman mambo ni tofauti. Huko chombo cha baruti mara nyingi kiliiga umbo la pembe lakini kikatengenezwa kwa shaba au fedha, kikapigwa nakshi. Hapa wengi hunaswa na tarehe. Riale ya fedha ya Maria Theresa, iliyotumika pwani yote, ina mwaka 1780 kwa sababu ilipigwa chapa kwa mwaka huo huo muda mrefu baada ya malkia huyo kufariki, hata katika karne ya 20. Sarafu hiyo ikiwa imechomelewa kwenye chombo, inathibitisha tu kwamba chombo si cha kabla ya 1780, jambo ambalo hakuna aliyelitilia shaka. Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani karibu 1882, ina manufaa zaidi: pembe iliyopambwa kwayo haikupambwa kabla ya hapo. Vivyo hivyo kwa heller na rupia za Mjerumani. Sarafu hukupa mwaka wa mapema kabisa, na haikupi zaidi. Nakshi ya duara lenye nukta katikati, ambayo wauzaji wa Mji Mkongwe huiita ya Kiarabu, imechongwa Afrika, Arabuni na Ulaya kwa karne nyingi. Kwa kutambua asili haina thamani yoyote.

Vyuma husaidia zaidi kuliko nakshi. Parafujo ya mbao yenye ncha kali ni ya kuanzia katikati ya karne ya 19. Za kabla yake zilikuwa butu. Msumari wa waya, ule wa mviringo wa kiwandani, ulienea mwishoni mwa karne hiyo. Vyombo vya baruti vya shaba vilivyotengenezwa Sheffield na kampuni kama James Dixon & Sons vina chapa, na chapa huweza kufuatiliwa. Kama bunduki bado ipo, ipindue: chapa ya Liège yenye herufi ELG ndani ya yai ilitumika tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na taji liliongezwa juu yake mwaka 1893. Gobori lenye taji na pembe inayodaiwa kulifuata tangu vita vya Mirambo haziendi pamoja.

Wamarekani wameifanya kazi hii kwa muda mrefu, na tunaweza kujifunza kwao bila kuwaiga. Askari na walowezi wao wa miaka ya 1750 hadi 1780 walichora kwenye pembe zao majina, ramani za mito na ngome, na tarehe. Mwishoni mwa karne ya 19 Rufus Grider alizunguka akizinakili mamia ya pembe hizo kwa kalamu na rangi, na mwaka 1945 Stephen Grancsay wa makumbusho ya Metropolitan, New York, alichapisha kitabu chenye orodha kubwa. Walichogundua ni kwamba ulaghai mwingi haufanywi kwenye pembe, unafanywa kwenye maandishi. Mlaghai huchukua pembe ya kale ya kweli, isiyo na kitu, akaichora jina na mwaka. Hivyo wao huangalia kama mstari wa kisu unapita juu ya mikwaruzo ya zamani au chini yake, na kama umelika pamoja na uso wa pembe. Kipimo hicho kinafaa hapa neno kwa neno, kwa sababu nasi tumeanza kuona pembe zilizochorwa "1905" kwa kingo kali zinazokwaruza kidole.

Maabara je? Kipimo cha kaboni ambacho wengi hukitaja kama mwamuzi wa mwisho ni dhaifu hasa kwa kipindi tunachokihitaji. Kwa vitu vya kati ya takriban 1650 na 1950 majibu yake hutawanyika, na pembe moja inaweza kuangukia zama za mwanzo za Kilwa chini ya Waomani na zama za Mwingereza kwa wakati mmoja. Ila kuna jambo moja kinaloliweza vizuri. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza kaboni ya aina hiyo hewani, ikaingia kwenye majani, na kutoka kwenye majani ikaingia kwa ng'ombe. Pembe ya mnyama aliyeishi baada ya hapo hujulikana. Maabara haiwezi kukuambia kuwa pembe yako ni ya 1870, lakini inaweza kukuambia kwamba ng'ombe wake alichinjwa Vingunguti juzi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inaweka mstari wake mwaka 1863: kitu kilichotengenezwa kabla ya mwaka huo ni urithi unaolindwa, na kukitoa nje ya nchi bila leseni ni kosa. Ndiyo sababu naona uchungu muuzaji anapomwambia mtalii kwa fahari kwamba pembe ina miaka 200. Kama ni kweli, haipaswi kupanda ndege; kama si kweli, amemwibia mtu. Nchini, mahali pa kwanza pa kupeleka swali ni Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, taasisi iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1940. Kwa waliotoka Usukuma kuna Bujora, na kwa waliotoka kusini kuna Makumbusho ya Majimaji, Songea. Kabla ya kuipeleka popote, mwenye pembe amkalishe mzee wake na kumrekodi kwa simu: nani aliitoa kwa nani, kijiji gani, bunduki gani, iliacha kutumika lini. Kauli hiyo haitengenezwi upya mzee akishaondoka, na pembe ikishauzwa bila kauli hiyo hakuna maabara itakayoirudisha.

Kipande kikubwa cha jibu, hata hivyo, kiko Ujerumani. Kwa uamuzi wa mwaka 1889, vitu vilivyokusanywa na safari zilizogharimiwa na dola katika makoloni vilipelekwa kwanza Berlin. Karl Weule alizunguka Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, Majimaji ikiwa haijapoa, akikusanya kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Vifaa vya silaha na uwindaji vilivyoingia kwa njia hizo vina kitu ambacho cha Mabibo hakina: tarehe ya kupokelewa, iliyoandikwa daftarini. Kilichoandikishwa Berlin mwaka 1895 hakiwezi kuwa cha baadaye. Pembe zenye tarehe za namna hiyo ndizo mizani ya kupimia zisizo na tarehe, kwa namna ya kuzibwa kitako, kwa aina ya vijiti, kwa mfungo wa waya. Nazo hazina mengi yaliyoko Mabibo, yaani majina ya watu na njia zilizopita.

Tangu Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipoomba radhi Songea tarehe 1 Novemba 2023, mazungumzo mengi yamehusu mabaki ya binadamu na vitu vikubwa vya watawala, na hilo ni haki. Pembe ya baruti ya mwindaji haimo kwenye orodha za juu. Lakini haihitaji ndege wala mkataba kuanza kutufaa. Makumbusho yetu yaombe, kwa kila pembe ya aina hii iliyotoka Tanganyika, picha ya kitako, picha ya mdomo, picha ya pande mbili, vipimo, na ukurasa wa daftari wenye mwaka wa kupokelewa. Kisha picha hizo zioneshwe Sikonge, Masasi na Kalenga, na zioneshwe Mabibo pia, kwa wazee ambao bado wanaweza kuutazama mfungo wa waya wakasema ni mkono wa wapi.